Siku Katongo Aliacha Matusi

Hapana, haikukuwa bule mu ndani. Nani anakuambia sanduku ilikuwa bule, tupu? Sanduku ya maiti haitembeake bule, hata siku moya. Ukiibeba bule kutoka hapa Lubumbashi mpaka kule ku Pweto, banasemaka mu njia yote iko inatafuta mwenye kuijaza. Njo maana Brigitte alitia mu ndani mufuko ya bunga, ile nyeupe ya mashini ya hapa Ruashi, na chumvi, na bidon ya mafuta, na bitambaa bya kumuvalisha mama yake. Alipanga byote mwenyewe, polepole, sawa muntu anapanga valise ya mutoto mwenye anaenda masomo. Kisha alifunga kifuniko.

Donat, mudogo yake, mwenye alitumikaka ku chemin de fer, ku reli, sawa baba yao, alijaribu kuinyanyua ku upande moya. Anamuambia dada yake:

"Yaya, sasa iko nzito sawa iko na muntu."

Brigitte alimupiga ku mukono aiache chini. Kuko maneno yenye muntu hasemake mbele ya safari.

Bon. Mama yao, Mama Mutale, alikufwa kule Kasolo, kijiji ya bavuvi, ngambo ya ziwa Moero. Kutoka Pweto kwenda Kasolo kuko njia ya chini, lakini ile mwaka mvua ilibeba daraja, hata pikipiki haikukuwa inafika. Ilibaki mayi tu. Na Brigitte alikuwa na deni moya ya mudomo kwa mama yake. Haiko deni ya makuta, ya feza, batoto bangu, ni deni ya neno. Mama Mutale, wakati alikuyaka kutembea hapa Ruashi kwa Noël, aliona banabeba jirani mu sanduku ya kungaa, yenye mikono ya chuma, na aliangalia sana. Magaribi anamuambia binti yake: "Brigitte, mama yangu tulimuzikaka mu mukeka. Mukeka ilipasuka, na nikaona muguu yake mu udongo. Miye musinifanye vile. Munitafutie sanduku." Brigitte alimuambia: "Mama, ni mie mwenyewe nitaileta." Neno kidogo vile. Lakini uliza muntu yeyote mwenye aliahidi mama yake kintu kama ile neno iko nyepesi.

Sasa, mu ile safari balikuwa na Katongo. Musisahau Katongo, juu bila yeye hakuna habari. Katongo ni soudeur, anaunganishaka bile milango ya chuma pale karibu na soko, lakini alikomalia ku Pweto tangu mutoto, baba yake alikuwa na bwato. Na yeye ni munungwe ya Brigitte. Ninyi ba sasa munajua bunungwe kweli? Brigitte ni wa ukoo ya samaki, bena-Isabi. Katongo ni wa ukoo ya mamba, bena-Ng'andu. Mamba anakulaka samaki, njo maana tangu bankambo bale bantu banatukanana. Munungwe anaingia mu nyumba yako, anabeba kuku yako, anakuambia sura yako iko sawa sufuria ya kuungua, na weye huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, bantu banakuchekelea weye. Lakini siku ya kifo, ni yeye njo anachimba shimo, ni yeye anawasha moto ya kilio. Kule kwao, kama kifo imeingia, moto ya nyumba inazimwa, na hakuna mwenye kupika mpaka munungwe amezika na amewasha ingine. Bantu banangoya na njala yao. Njo vile.

Donc Katongo alikuwa lazima aende. Na mu njia yote alifanya kazi yake muzuri. Kila fasi jeep yenye ilibabeba ilisimama, yeye iko anafungua kinywa.

"Weye kambale," anamuambia Brigitte, "leo ninakurudisha ku mayi kwenu. Umekauka sana mu Ruashi, hata kuuzisha hauwezi."

"Ngandu ya meno ya kuoza," Brigitte anajibu, na macho ingali na machozi. "Geuza kinywa yako ku upande ingine, inanuka."

"Mama Mutale amekufwa, sasa nani atatuibia bunga? Alikuwa mwizi muzuri, yule mama. Hakuacha hata punje moya."

Na Brigitte anacheka na kulia pamoja. Munungwe ni wa ile kazi. Anakushika usianguke, lakini anakushika na matusi.

Jeep ilipasuka mupira mbele ya kufika, balikaa sana mu jua, na wakati balifika ku mayi, midi, saa sita ya muchana, ilikuwa imepita. Na kila mutoto wa kule anajua: ziwa inakatwaka asubui, wakati mayi ingali inalala. Kisha midi mupepo inaamuka. Lakini tante Marie-Thérèse, mudogo ya marehemu, alikuwa amepiga telefone kutoka Kasolo mara na mara: maiti haiwezi kungoya tena, leo magaribi banazika, ifike sanduku, isifike. Brigitte alikuwa anasikia ile sauti mu masikio yake sawa kengele ya mission.

Mwenye bwato jina yake Chomba. Muntu ya kifua kubwa, ya kucheka mingi. Bwato yake ilikuwa ndogo, ya plastiki ngumu, na motere ku nyuma. Kulikuwa gilet mbili tu za kuelea, na bantu bane. Gilet moya Chomba alikuwa ameikalia, juu kiti ya nyuma ilikuwa inaunguza matako. Balipima kulalisha sanduku kwa urefu, ikamuzuia Chomba kufikia motere. Basi baliiweka ya kukingama, juu ya kingo za bwato, kichwa inatoka huku, miguu inatoka kule, balifunga na kamba. Ukiangalia kwa mbali, ilikuwa sawa bwato imebeba musalaba.

Ziwa ilikuwa kimya. Kimya mubaya. Mayi ilikuwa inangaa sawa bati, hakuna hata ndege moya juu yake. Ndege zote zilikuwa zimekaa chini, mu muchanga, zinaangalia upande moya. Na kule mbali sana, fasi mayi inagusana na mbingu, kulikuwa mustari mweusi, mwembamba sawa uzi. Bavuvi bengine balikuwa banavuta mabwato yabo inje.

Katongo aliangalia ile mustari. Anasema kwa nguvu: "Tusiende leo. Leo ziwa iko na njala, na mie nimeiletea samaki na sanduku yake."

Bote balicheka. Hata bamama benye kukausha samaki pale balicheka, moya anapiga mikono. "Ah, huyu ni munungwe kweli!"

"Ninasema tulale hapa."

Balicheka zaidi. Chomba alikuwa anapangusa macho. "Ngandu anaogopa mayi," anasema. "Mie sijaona hii."

Hapo Katongo alitosha kofia yake. Alikuya mpaka mbele ya Brigitte, alikunja magoti mu muchanga, alipiga mikono polepole, vile banasalimiaka bakubwa.

"Mama Brigitte," anasema. "Nakulomba na heshima. Tuendeke kesho asubui. Tafazali, mama."

Brigitte alirudi nyuma hatua moya. Tangu anajua Katongo, tangu batoto babo balikuwa bachanga, yule muntu hakumuita hata siku moya "mama". Alimuita kambale, alimuita mufupa, alimuita ndakala, ile dagaa ndogo, ya kuoza. Aliangalia macho yake atafute kicheko ku pembeni. Haikukuwa.

Lakini Donat alisema, "Ona vile anaigiza, hata magoti!" na bantu banaanguka na kucheka. Na Brigitte, juu alikuwa anataka kwenda, juu mama yake alikuwa anangoya mu nyumba bila moto, Brigitte naye alicheka. Alicheka na akapanda mu bwato. Ile kucheka, batoto bangu, hakuna mwenye alimulazimisha.

Katongo alipanda wa mwisho. 

Mwanzo ilienda muzuri. Motere inaimba, Pweto inakuwa ndogo ku mugongo, Donat iko anasema rozari mu mukono, Chomba anapiga hadisi ya mwanamuke yake wa pili. Brigitte aliweka mukono juu ya sanduku, sawa unawekaka mukono juu ya mutoto mwenye amelala. Alingoya Katongo atukane. Alisema mwenyewe, kwa kumuchokoza:

"Ngandu, umemeza ulimi?"

"Hapana, mama," Katongo anajibu. "Ukae chini kidogo, tafazali. Papa Donat, na weye, ukae mu katikati, usikae ku kingo."

Papa Donat. Donat aliacha kuhesabu rozari.

Kisha Katongo aligeuka kwa Chomba, na sauti ingali ya kanisa vile, ya upole: "Papa Chomba, tafazali, simama kidogo. Hiyo gilet umuvalishe Mama Brigitte. Ile ingine ni ya Papa Donat, yeye hajue kuogelea."

"Na weye?"

"Mie niko sawa, papa. Aksanti."

Chomba hakucheka tena. Alisimama, akatoa gilet. Ilikuwa ingali na moto ya matako yake. Wakati Brigitte anafunga kamba zake, aliona mustari mweusi haikukuwa tena mustari. Ilikuwa ukuta.

Mupepo ilifika bila kubisha. Mbele yake ilikuya baridi, kisha harufu ya matope, kisha mayi ikaanza kusimama. Bantu bengine banafikiri wimbi ya ziwa ni ndogo juu haiko bahari. Wimbi ya Moero ni fupi na ziko karibukaribu, sawa ngazi ya muntu mwenye haraka: hujamaliza kushuka moya, ingine imeshakupiga. Chomba aliogopa, na muntu ya motere akiogopa anaongezaka essence, ile mafuta ya motere. Bwato ikaruka, ikaanguka pa tumbo, pah, na mayi ikaingia ku pua.

"Punguza, papa," Katongo anasema. "Usishindane nayo. Usiipige uso kwa uso, ikate ku pembeni kidogo. Na usiipe ubavu. Tafazali."

Chomba alipunguza. Katongo alibeba sufuria, akaanza kutosha mayi inje, Donat na yeye anatosha na kofia. Ilikuwa inasaidia. Ingesaidia, kama haikukuwa ile sanduku. Juu mupepo ilikuwa inaikamata ku kichwa, inaisukuma, na bwato yote inageuka nayo, inataka kulala pa ubavu. Kila mara Chomba anairudisha, sanduku inaigeuza tena. Na bunga mu ndani ilikuwa inasogea. Brigitte alikuwa anaisikia chini ya mukono yake: shh, huku, shh, kule. Sawa muntu anageuka mu kitanda.

Motere ilikohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Sasa ule kimya, pale katikati ya makelele ya mupepo, ni kintu Brigitte hataki kuongea hata leo. Chomba anavuta kamba ya motere, anavuta, anavuta. Bwato iligeuka, ikapeana ubavu. Wimbi moya iliingia, ikafika mu magoti. Kamba za sanduku zikalegea, sanduku ikateleza ku mukono ya kuume, na kingo ya ule upande ikashuka mpaka mayi ikaanza kumwagika mu ndani polepole, bila haraka.

Katongo alitupa valise ya Donat. Alitupa kapu ya chakula. Aliangalia bidon ya essence, akaiacha. Bila essence hakuna kufika. Kisha alimuangalia Brigitte.

"Mama. Nalomba ruhusa."

"Hapana," Brigitte anasema.

"Mama Brigitte."

"Kintu yoyote, Katongo. Hii hapana. Mie nilimuambia mama ni mie nitaileta." Alilala juu ya sanduku na kifua yote, alishika ile mikono ya chuma. Alifikiri muguu ya nkambo yake mu udongo, ile mama yake aliona.

Donat alikuwa analia sasa, kwa sauti, muntu mukubwa. "Yaya, niko na batoto ku nyumba. Yaya."

Na Katongo alikuwa amepiga magoti mu mayi, kisu mu mukono, anangoya. Munungwe mwenye angeweza kuingia mu nyumba yake na kubeba kuku bila kuuliza, mwenye hakuombaka ruhusa hata ya kukalia kiti yake, alikuwa anangoya ruhusa. Brigitte aliona kisu ingali juu ya kamba, haikati. Hapo njo alifahamu. Ule muntu, tangu ku muchanga, alikuwa ameacha bunungwe juu bamusikie, na habakumusikia. Sasa alikuwa muntu wa kawaida tu, mugeni, mwenye anataka kutupa sanduku ya mama ya muntu. Mugeni akifanya ile, ni makosa ya kukaa mu ukoo mpaka bajukulu. Hakuna mwenye angemusamehe, hata yeye mwenyewe. Munungwe tu njo angeweza. Na ni yeye, Brigitte, alipaswa kumurudisha.

Alifungua vidole. 

"Weye ngandu," anasema. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, kwa nguvu, mu mupepo. "Weye ngandu mwizi! Unangoya nini? Tangu bankambo kazi yenu ni kuiba. Umekuwa muzee mpaka umesahau kuiba? Iba basi!"

Katongo alimuangalia. Kisha alikata kamba mara moya, alitia bega chini ya kichwa ya sanduku, na akasukuma.

Bwato ilipanda. Ilipanda sawa muntu mwenye ametua muzigo ya kuni, na kingo ikatoka mu mayi. Balitosha mayi bote, na sufuria, na kofia, na mikono. Chomba alivuta kamba, motere ikakohoa, ikashika. Balienda polepole, pua ikikata wimbi pembeni, habakutafuta tena Kasolo moya kwa moya. Balitafuta kivuli ya mulima, fasi mupepo haifiki, kisha balifuata ukingo.

Lakini sanduku haikuzama. Ilikuwa ya mbao muzuri. Ilielea ku nyuma yabo, inapanda na kushuka, na vile mupepo ilikuwa inasukuma, ilibafuata. Brigitte aliiona mara mingi. Kila mara alifikiri imepotea, wimbi inaisimamisha tena, karibu vile vile. Donat alimuambia asiangalie. Aliangalia mpaka mulima ikaificha.

Ku Kasolo bantu balikuwa bamesimama ku mayi. Moto haikukuwa hata mu nyumba moya ya ukoo, na ile kijiji bila moshi ilikuwa sawa kijiji ya bantu benye bamekimbia. Tante Marie-Thérèse aliingia mu mayi mpaka ku kiuno, anabahesabu na kidole. Kisha anauliza:

"Na sanduku?"

 Brigitte alifungua kinywa, na Katongo alimupita mbele.

"Nimeiiba," anasema. "Na bunga yenu pia. Munifanye nini?"

Bantu baliangaliana. Bazee ba ukoo bakaangalia chini. Munungwe ameiba, ile habari imeisha pale, hakuna baraza ya kuikata. Tante Marie-Thérèse alimushika Brigitte ku mukono, anamupeleka kwa mama yake.

Brigitte alimuona mama yake uso. Sanduku haikufika, lakini uso aliiona. Balimuosha, balimufunga mu bitenge byenye bamama ba Kasolo balileta, kisha mu mukeka mbili, mupya. Katongo alichimba mpaka jua ikaanza kuanguka. Hakukubali Donat amusaidie. Mu chini ya shimo alikata shimo ingine, nyembamba, ya kipimo ya Mama Mutale, na balipomushusha pale, Katongo alipanga miti juu yake, moya kwa moya, akaziba nafasi na majani, mpaka udongo ikakuwa na fasi ya kukaa bila kumugusa. Brigitte alisimama ku ukingo, anaangalia miguu ya mama yake mpaka muti ya mwisho. Hakuna kintu kilionekana. Alirusha udongo yake.

Balipotoka ku kaburi, bavuvi babili balikuwa bamefika kutoka pembe ya mulima. Balisema kwa sauti ya chini, lakini Brigitte alisikia: bameona sanduku mu ziwa, kifuniko ingali imefungwa, inaenda kinyume ya mupepo. Kesho, banasema, habatatia nyavu. Chomba aliuliza kama ni kweli kinyume. Balibeba makasia yabo, bakapita. Mpaka leo hakuna mwenye aliiokota, na kule Kasolo, mwaka yote ile, hakuna bwato ilikata ziwa kisha midi, hata ya bale benye kujifanya ngumu.

Katongo aliwasha moto. Moya, kisha banabeba makaa nyumba kwa nyumba, na moshi ikaanza kupanda. Bunga ya Lubumbashi ilikuwa mu mayi, basi jirani balileta ya muhogo, na samaki mubichi, na pilipili. Bamama balisonga bukari, ugali, mu sufuria kubwa. Batoto balikuwa bamekaa tangu asubui na tumbo bule, habakulia hata, balikuwa banaangalia tu.

"Mukae," tante Marie-Thérèse anasema. "Bote."

Banaume balikaa huku, bamama huku, Chomba na yeye balimuvutia kibao kidogo. Donat alifanya ishara ya musalaba. Mupepo ilikuwa ingali inapiga mayi kule chini, na hakuna mwenye aligeuza kichwa. Balipitisha mayi ya kunawa mu sahani. Brigitte alinawa, akakata bukari, akaanza kula.